Haroseti ya Jumatano

*Watoto wa Jaja – Nabugoye*

Jumapili

Naume (Mbale), 19:02: Shalom jamaa. Pasaka yetu Wayahudi inaingia Jumatano jua likizama. Haroseti, ule mseto wetu wa kutwanga, ya watu 30: njugu vikombe 8, matufaha 6, ndizi mbivu 4, asali kikombe 1, divai tamu kikombe 1. Nani analeta nini?

Naume, 19:40: Watu 14 mmesoma. Jina hata moja sijaona.

Yosi, 19:44: Mimi naleta meno 😂

Rahel, 19:45: Yamebaki mangapi tangu ile miwa ya Busia?

Yosi, 19:45: 😂😂 usianze

Naume, 19:47: Yosi, asali ni yako. Njugu Rahel, ukaange leo leo. Samsoni, matufaha ya hapa bei haishikiki.

Samsoni (Nairobi), 20:31: Nitabeba. Lakini dada, njugu tuziache. Huku niliokula nao mwaka jana hawagusi njugu wala maharagwe siku zote nane za Pasaka.

Naume, 20:33: Hiyo ni desturi ya Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya, waishike. Haroseti yetu lazima ishikane kama udongo wa matofali ya Misri. Bila njugu ni matunda ya kukatakata tu.

Esteri, 20:50: Na mtatwangia kinu kipi? Au tena mtasema changu kimetwanga ngano, bakuli zima limwagwe wageni wakitazama?

Rahel, 20:51: Mama Yosi, hayo yalikwisha.

Esteri, 20:51: Kwako.

Yosi, 20:52: Kuku wa jirani ndio walifanya Pasaka siku ile 🐔

Naume, 20:53: Yosi!

Jaja, 21:20: Amin alitukataza dini, tukasali kwa kujificha. Akaanguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ile ile ikaingia Pasaka. Tufaha hatukuwa nalo. Mama yenu alitwanga njugu na ndizi, tukala tukilia. Chachu inayokatazwa Pasaka ni ya ngano na wenzake, njugu haimo. Zitatwangwa. Bakuli la Esteri niliamuru mimi limwagwe. Mwenye neno aje kwangu.

Naume, 21:22: Ndiyo Baba.

Samsoni, 23:48: Nimesikia Baba. Nisameheni.

Jumatatu

Naume, 06:10: Kinu kipya nimekiona sokoni. Tuchange? Wifi Esteri, mkono wako ndio tunaoutaka.

Naume, 12:30: Wifi?

Samsoni, 17:05: Basi la kesho limejaa. Natafuta gari lingine, matufaha ninayo.

Esteri, 21:57: Nitapita kwa Jaja kwanza.