Naomba ushauri: koili ya Beetle inachemka, gari inazima njiani

Wakuu habari zenu, nina Beetle ya 1972 ya volti 12, asubuhi inawaka freshi ila ikishapata moto inaanza kumisi halafu inazima, koili (ile inayotengeneza umeme mkubwa wa plagi) ukiigusa haishikiki, nasubiri ipoe inawaka tena kama haijaumwa vile. Plagi mpya, petroli inafika. Nimepima koili ikiwa baridi, zile pini mbili ndogo zinasoma ohm 1.5 wakati koili ya mfumo wa pointi (vile vikontakti vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili) isiyo na rezista (kipunguza umeme) inatakiwa kama 3 hivi, nahisi niliuziwa ya kufungwa na rezista. Fundi yeye anang'ang'ania kondensa (kile kidude kinachozuia cheche zisiunguze pointi), na kweli pointi zimeungua. Nianze na kipi jamani? Na Kariakoo koili orijino naipata duka gani?