Waquechua wanahifadhije viazi kwa miaka bila kuoza?

Mkulima wa Isyonje
Ndugu zangu, nalima viazi mviringo huku Uporoto. Kila mavuno tunauza lumbesa kwa bei anayoitaka dalali, kwa sababu viazi vikikaa ghalani miezi michache huchipua au huoza. Nimesoma kwamba Waquechua wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ambako zao hili lilianzia, huvihifadhi kwa miaka. Wanafanyaje, na je, sisi tunaweza kuiga?

Mwalimu wa Historia, Njombe
Ndugu Mkulima, viazi hivyo huitwa chuño. Mwezi Juni na Julai, kwenye nyanda za Peru na Bolivia zenye mwinuko wa karibu mita 3,800, viazi vidogo hutandazwa juu ya nyasi vigande usiku, na mchana jua huviyeyusha. Baada ya siku kadhaa wanafamilia huvikanyaga kwa miguu mitupu hadi maji yatoke na maganda yabanduke, kisha huvianika mpaka viwe vyeusi, vyepesi na vigumu kama kokoto.

Hata hivyo, baridi peke yake isingewafikisha mbali. Jumuiya ya ukoo, yaani ayllu, ilimiliki ardhi kwa pamoja katika miinuko tofauti, mahindi yakilimwa mabondeni, viazi juu, na llama na alpaka wakichungwa juu zaidi, ili sakitu ikiunguza shamba moja jingine lisalie. Kazi walipeana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, na desturi hiyo, ayni, ingali hai vijijini. Wainka, waliotawala kutoka mji wa Cusco, Peru, walijaza chuño katika maghala ya dola. Kinachoniumiza ni yaliyofuata baada ya Mhispania Pizarro kumteka Atahualpa, mfalme wa Wainka, mwaka 1532: Wahispania waliigeuza kazi ya zamu iliyodaiwa na dola kuwa shuruti ya migodini, na chuño ikawa chakula cha wachimba madini ya fedha wa Potosí, katika Bolivia ya leo.

Mkazi wa Makete
Nakubaliana na Mwalimu. Kuhusu kuiga, sakitu tunayo Kitulo, lakini haiji usiku baada ya usiku kwa ukali wa kugandisha kiazi hadi ndani, na kiazi kilichoganda nusu huoza upesi. Kilicho karibu nasi zaidi ni desturi yao ya kupanda aina nyingi katika shamba moja, kwa kuwa ugonjwa unaomaliza aina moja huenda usiimalize nyingine. Mbegu, kaka, zitandaze kwenye vichanja ndani ya banda lenye hewa na mwanga hafifu. Vya kula viweke gizani.