Naomba ushauri: je, niwaonyeshe wanafunzi wangu "Band in China", sehemu mojawapo ya katuni ya South Park?

Wanajamvi, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Ninafundisha uandishi wa habari chuoni, na somo linalofuata linahusu mwandishi anayejidhibiti mwenyewe kabla hajadhibitiwa. Nimefikiria kutumia katuni hii ya watu wazima, iliyorushwa na Comedy Central ya Marekani tarehe 2 Oktoba 2019. Kwa ambaye hajaitazama: Randy Marsh anakwenda China kuuza bangi, anakamatwa na kutupwa kwenye kambi ya kazi za kulazimishwa, na huko anamkuta Winnie the Pooh, yule dubu wa hadithi za watoto, ambaye picha zake zilikuwa zikifutwa mtandaoni nchini humo kwa sababu watu walimfananisha na Rais Xi Jinping. Wakati huohuo mwanawe, Stan, anaandika filamu kuhusu bendi yake huku ofisa wa China amemsimamia begani, akiamua kipi kibaki na kipi kifutwe.

Kinachonitia wasiwasi ni matusi yaliyojaa humo na namna Pooh anavyouawa. Tena wapo wanafunzi wanaoamini kuwa katuni ni ya watoto tu, na sitaki watoke darasani wakidhani nimewaletea kebehi dhidi ya Wachina. Nifanyeje?

Mhariri Mstaafu
Mwalimu, waonyeshe, lakini anza na Stan, si Pooh. Wanaosutwa hasa ni wafanyabiashara wa Marekani wenyewe: ndani ya ndege anayopanda Randy wamo wahusika wa Disney na wachezaji wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, wote wakilifuata soko lilelile. Mwanafunzi akimwona Stan anafuta sentensi yake kwa mkono wake mwenyewe, atamtambua mara moja, kwa sababu chumba cha habari kina ofisa wa namna hiyo hata pale ambapo hakuna aliyesimama nyuma ya kiti. Matusi watangazie mapema, na asiyetaka kubaki umruhusu atoke.

Dada wa Maktaba
Naunga mkono, ila usiishie kwenye katuni, kwani yaliyofuata yana uzito zaidi. Tarehe 4 Oktoba Daryl Morey, aliyekuwa meneja mkuu wa Houston Rockets, timu mojawapo ya NBA, aliandika mtandaoni kuwaunga mkono waandamanaji wa Hong Kong, kisha akaufuta ujumbe huo, na NBA ikatoa taarifa ya kusikitika. South Park nayo ikafutwa kwenye mitandao ya China. Tarehe 7 Trey Parker na Matt Stone, waundaji wa South Park, wakatoa "radhi" ya dhihaka, wakisema kwamba, kama NBA, nao wanawakaribisha wadhibiti wa China nyumbani na mioyoni mwao. Waweke wanafunzi taarifa hizo mbili mezani, wazisome neno kwa neno.

Msemakweli
Nina pingamizi moja. Mwaka 2010, baada ya vitisho, Comedy Central hiyohiyo iliyafunika kwa mlio maneno mengi ya sehemu ya South Park iitwayo "201". Mwalimu akiliacha hilo, somo litaegemea upande mmoja, na wanafunzi wataamini kwamba wanaonyamazishwa ni wa China pekee.

Mwanzisha uzi
Ahsanteni sana. Hilo la 2010 sikulifikiria, na ndilo litakalonisaidia kwa wale niliowahofia. Nitaonyesha vipande vya Stan, nitagawa taarifa zote mbili, kisha nitamwomba kila mmoja aandike kuhusu habari aliyoiacha bila kuambiwa na mtu.