Kamati inapitisha kodeki leo, bei tunaambiwa baada ya miaka miwili. Huu utaratibu nani aliubariki?

Wakuu, leo salamu fupi maana nina hasira.

Mimi ni mmoja wa watu wachache tunaojitolea kutengeneza programu huria ya kuhariri video. Hatulipwi, hatuuzi kitu. Malalamiko tunayoletewa kuliko yote ni haya: "Programu yenu ni mbovu, haifungui video niliyorekodi kwa simu." Ukiichungulia hiyo video unakuta ni HEVC, ambayo wengine wanaiita H.265, yaani kodeki: njia ya kubana video iwe ndogo na kuifungua tena. Faili ni zima kabisa. Msimbo wa kuifungua upo, umeandikwa vizuri na watu wenye akili kuliko mimi, na ukiuweka kwenye kompyuta yako unafanya kazi. Tatizo ni kwamba sisi hatuwezi kuuweka ndani ya programu yetu na kuwagawia watu bila kujiuliza wakili wa nani ataamka kesho na barua ya kutudai leseni. Nimechoka kumweleza kila mtu peke yake, kwa hiyo naandika yote hapa.

Kwanza mjue hiki kitu kinatoka wapi. HEVC ilitoka mwaka 2013 kwa kazi ya pamoja ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, upande mmoja, na ISO na IEC, mashirika ya kimataifa ya viwango, upande wa pili. Wote makao yao ni Geneva. Ndani ya ISO na IEC kuna kamati ya pamoja inaitwa JTC 1, chini yake kuna kamati ndogo SC 29, na humo ndimo walimokaa MPEG, kundi lililoanzishwa mwaka 1988 na Leonardo Chiariglione na Hiroshi Yasuda. Hao ndio waliotuletea MP3, MPEG-2 ya DVD na televisheni ya dijitali, AAC ya sauti, MP4. Sina ugomvi na ufundi wao. Ufundi ni wa hali ya juu, mwenye kubisha akasome.

Ugomvi wangu ni namna hesabu inavyopigwa mle ndani.

Kiwango, yaani maelezo rasmi ya kiufundi ambayo watengenezaji wote wanayafuata, kikianza kutengenezwa, kampuni na vyuo vinaleta mapendekezo. Kila mbinu inajaribiwa na wengine: imepunguza biti kwa asilimia ngapi, imeongeza muda wa kufungua video kiasi gani, inakula kumbukumbu kiasi gani. Mbinu yenye faida ya nusu asilimia inaweza kupita, kwa sababu nusu nusu hizo zikijumlishwa ndiyo unapata kodeki mpya inayolenga kutumia nusu ya biti za ile iliyotangulia. Vizuri sana. Lakini kila mbinu ina mwenyewe, na mwenyewe ana hataza, yaani haki ya kisheria ya kumzuia mwingine asiitumie bila ruhusa yake. Hiyo nusu asilimia ikiingia kwenye kiwango, hataza imeingia nayo, na kuanzia hapo hakuna mtu duniani anayeweza kutekeleza kiwango hicho bila kuikanyaga. Sasa niambieni, kwenye mizani yao gharama ya leseni iko wapi? Haipo. Masharti ya leseni hayajadiliwi kwenye vikao vya ufundi, ni utaratibu wao. Wanapima kila kitu hadi sehemu ya kumi ya asilimia, isipokuwa kile kitakachoamua kama mtu wa kawaida ataitumia hiyo kodeki.

Kinachofanyika ni kwamba mwenye hataza anajaza fomu. Fomu ina machaguo matatu. La kwanza, natoa leseni bure. La pili, natoa leseni kwa masharti ya haki na yasiyobagua. La tatu, sitoi, na hapo inabidi mbinu yake iondolewe. Chaguo la pili ndilo lenye mchezo. "Masharti ya haki" ni shilingi ngapi? Haisemwi. Kwa kila simu, kwa kila video, kwa mwaka? Haisemwi. Na anayechagua la kwanza au la pili halazimiki hata kutaja namba za hataza zenyewe, anaombwa tu, akipenda. Kisha kura inapigwa, kiwango kinachapishwa, watengenezaji wa chipu wanakichoma kwenye silikoni, simu zinaingia sokoni, na hapo ndipo bei inatangazwa. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe tumekatazwa kulifungua.

Tuseme ukweli, kwa H.264 ya mwaka 2003, iliyotangulia HEVC, mambo hayakuwa mabaya sana. Wengi wa wenye hataza walikusanyika chini ya wakala mmoja wa leseni, MPEG LA (jina linafanana tu, si MPEG wenyewe), bei ikajulikana, dunia ikaendelea. Hata Cisco mwaka 2013 walijitolea kugawa kodeki yao ya OpenH264 ikiwa tayari imeshatengenezwa, wao wakilipa leseni, na Firefox wakaitumia. Angalia lakini tulipofikia: kivinjari huria kinategemea hisani ya kampuni moja ili kionyeshe video ya kiwango cha "kimataifa".

HEVC ndiyo ikawa balaa. MPEG LA wakatangaza leseni yao mwaka 2014. Mwaka 2015 likaibuka kundi la pili, HEVC Advance. Mwaka 2017 la tatu, Velos Media. Nje ya makundi yote matatu wakabaki wenye hataza waliosema kila mtu awafuate mmoja mmoja. Ukimlipa mmoja hujamaliza, na hakuna anayeweza kukuambia jumla. Lile kundi la pili mwanzoni lilitaka hadi asilimia 0.5 ya mapato ya wanaosambaza maudhui. Makelele yakawa mengi, wakarudi nyuma kabla mwaka haujaisha. Hebu fikiria, kampuni kubwa zenye mawakili jengo zima zilishindwa kujua zinadaiwa nini. Sisi wa kujitolea tufanyeje? Mwaka 2022 Fedora, watengenezaji wa mfumo huria wa Linux, waliamua kuzima ufunguaji wa H.264 na H.265 kwa kutumia kadi ya picha, kwa sababu hiyo hiyo ya kuogopa hataza. Mtu ana kadi ambayo ndani yake chipu ya kufungua video ipo, halafu programu inamwambia hapana.

Na msiniambie hatukujua. Mwaka 1994 kampuni ya Unisys ilitangaza kwamba programu zinazotengeneza picha za GIF zinatakiwa kulipia hataza ya LZW, mbinu ya kubana data iliyomo ndani ya GIF, wakati GIF ilikuwa ikitumika bure tangu 1987. Watu walikasirika, wakakutana mtandaoni, wakatengeneza fomati mbadala ya PNG, na kufikia 1996 ilikuwa pendekezo rasmi la W3C, shirika la viwango vya wavuti. JPEG nayo: kiwango kilipitishwa mwaka 1992, na miaka kumi baadaye kampuni inaitwa Forgent ikaja na hataza ya zamani ikasema kila anayetengeneza kamera ya dijitali anadaiwa. Walikusanya zaidi ya dola milioni 100 kabla ofisi ya hataza ya Marekani haijapitia upya na kuyakataa madai yao ya msingi mwaka 2006. Pesa haikurudi. Masomo yote haya yalikuwapo mezani kabla HEVC haijaanza kuandikwa.

Kuna kingine kinaniuma, ingawa ni kidogo. Maandishi ya kiwango yenyewe. H.264 unaipakua bure kwa ITU, lakini maandishi hayo hayo upande wa ISO yana namba nyingine na yanauzwa kwa faranga za Uswisi. AAC haina pacha ITU, kwa hiyo ukitaka kusoma maelezo rasmi ya sauti iliyomo kwenye simu za watu wote duniani, toa pesa kwanza. Ndiyo maana wengi wetu tunajifunza kiwango kwa kusoma msimbo wa wenzetu badala ya kusoma kiwango.

Madhara yake yameenea kote. HTML5, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ilitoka mwaka 2014 ikiwa na tagi ya video lakini haina kodeki ya lazima, kwa sababu watengenezaji wa vivinjari hawakukubaliana. Kwenye WebRTC, mfumo wa kupigiana simu za video ndani ya kivinjari, waliposhindwa kuchagua kati ya H.264 na VP8, kodeki ya bure ya Google, waliamua kila kivinjari kitekeleze zote mbili. Yaani suluhu ya ugomvi ni kumwongezea mtengenezaji kazi mara mbili. Upande wa sauti, kwenye WebRTC hiyo hiyo, hakukuwa na vita ya namna hiyo, maana Opus, kodeki ya sauti, ilishatoka IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2012 bila mrabaha (ada ya hataza) na inashinda nyingi za kulipia. Kwa hiyo inawezekana, msituambie haiwezekani.

Mwaka 2015 kampuni kubwa za intaneti zilichoka, zikaanzisha AOMedia, muungano wa kutengeneza kodeki isiyo na mrabaha, na mwaka 2018 kodeki yao ya AV1 ikatoka. Mwaka huo huo Chiariglione mwenyewe, mwanzilishi, aliandika hadharani kwamba utaratibu wa MPEG uko kwenye mgogoro. Walimsikiliza? Mwaka 2020 kundi lilivunjwa vipande kadhaa ndani ya SC 29, yeye akaondoka. Julai mwaka huo VVC, kodeki iliyofuata HEVC, ikapitishwa, na leseni zake zikaja na makundi mawili kwa kuanzia. Hapo ndipo niliposhika kichwa.

NYONGEZA: Naona majibu ya "kwani wavumbuzi wale nini?" Ndugu, soma tena. Sijasema wasilipwe. MP3 ililipiwa mpaka Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyosimamia hataza zake, walipofunga mpango wa leseni mwaka 2017, na MPEG-2 ililipiwa Marekani mpaka hataza ya mwisho ilipokwisha 2018. Watu walilipa kwa sababu walijua wanamlipa nani na kiasi gani. Ninachotaka ni bei ya juu kabisa itajwe kabla ya kura, na namba za hataza ziandikwe kwenye fomu kwa lazima, si kwa hiari.

NYONGEZA YA PILI: Kwa mnaosema "hamia AV1, maliza kesi". Tumehamia upande wa kutoa video, lakini hatuchagui simu ya mtu irekodi kwa fomati gani. Halafu AV1 yenyewe haina kinga kamili: mwaka 2019 Sisvel, kampuni ya kusimamia hataza, walitangaza kukusanya wenye hataza wanaoidai. Aliyekuwa nje ya AOMedia hakufungwa na ahadi ya waliokuwa ndani.

Mkuu aliyesema tujiunge na kamati badala ya kulia mtandaoni, ushauri ni mzuri kwa mwenye mwajiri. Unaingia kupitia shirika la viwango la nchi yako, vikao ni kadhaa kwa mwaka na kila kimoja kinaweza kuwa bara jingine, nyaraka ni mamia, na waliomo wengi wametumwa na kampuni zenye hataza zinazojadiliwa. Asiyekuwepo na lake halipo, nakubali, lakini huo mlango umepimwa kwa upana wa nani?

Halafu kuna kodeki nyingine, EVC, ya mwaka 2020, kutoka MPEG hao hao. Ngazi yake ya msingi ilijengwa kwa mbinu zenye umri wa zaidi ya miaka 20 au zilizotolewa bure na wenyewe, na mbinu za ngazi ya juu ziliwekwa ili kila moja iweze kuzimwa peke yake mwenye hataza akileta jeuri. Maana yake wanajua dawa. Waliitengeneza wenyewe kisha wakaiweka pembeni kama jaribio.

Sasa hivi maandalizi ya kodeki itakayofuata VVC yanaendelea. Kama humu kuna mjumbe yeyote wa SC 29 au wa upande wa ITU, sitaki somo la ufundi wa vekta za mwendo, nijibu hili tu: ile fomu yenye machaguo matatu itabadilishwa kabla ya kura, au mnaipeleka hivyo hivyo?