Kutazama magofu ya Kilwa kwa picha za setilaiti: nianze na Linux au QGIS?

Mwalimu_Masoko:
Habari zenu wakuu. Nafundisha historia hapa Kilwa Masoko. Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM ya GB 4, Windows imeilemea: ukiiwasha unaweza kwenda kununua chapati ukarudi bado inazunguka. Wanafunzi wangu wamezoea kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, na jumba la kale la Husuni Kubwa kwao ni mahali pa kupigia picha tu. Nataka waione kutoka juu, na ikiwezekana tutafute kuta zilizofukiwa. Nasikia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ni ya bure, na QGIS, programu ya ramani, nayo bure. Nianze na ipi?

Fundi_Shangani:
Mwalimu, yote yanakwenda pamoja. Pakua Linux Mint, toleo la Xfce, ndiyo nyepesi. Inakaribia GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku. Iweke kwenye flashi ya GB 8, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa Windows. Jaribu waifai, sauti na projekta ya shule. Vikikubali, hamisha kwanza mafaili yako, ndipo usakinishe. Kisha fungua dirisha la amri, andika:

sudo apt install qgis

Basi. Amri nyingine utazijua kazi ikikudai, usikariri. Ila Linux haichanganyi herufi kubwa na ndogo: Kilwa.tif na kilwa.tif ni mafaili mawili tofauti.

Binti_wa_Lindi:
Shikamoo mwalimu. Nimesoma mambo ya kale, niseme ukweli: kuta hamtaziona. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 zina pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 10, na unene wa ukuta wa matumbawe hata mita moja haufiki. Mnachoweza kuona ni majani. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, kwa wingi, kwa hiyo linganisheni bendi ya 4 (mwanga mwekundu) na ya 8 (infraredi). Penye mawe chini udongo ni mwembamba, nyasi hukauka mapema. Chukueni picha ya Juni na ya Septemba, mawingu yakiwa machache. Hata hivyo shamba la mihogo na njia ya mbuzi navyo huacha alama, msishangilie haraka.

Kwenye magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipita ardhini na kifaa cha kupima sumaku, wakachimba, na penye uwanja uliodhaniwa mtupu pakatokea nyumba za udongo. Setilaiti isingewapa hilo.

Mimi ningewapa vijana ufukwe. Picha za setilaiti za Landsat zinaanzia 1972, na mmomonyoko ni mmoja wa sababu zilizoiingiza Kilwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini, 2004 hadi 2014. Wachore mstari wa maji karibu na ngome ya kale iitwayo Gereza, picha ya kale na ya sasa, na mikoko ilipo.

Mwalimu_Masoko:
Marahaba mwanangu. Ufukwe nimeupenda, wazazi wao wengi ni wavuvi, watabishana kweli. Sasa QGIS inaniuliza namba ya mfumo wa ramani, niweke ipi?

Fundi_Shangani:
Kilwa ni EPSG:32737. Ukiskani ramani ya zamani ya serikali, hiyo iko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya ramani, ipe EPSG:21037. Ukizipachika namba kinyume, Msikiti Mkuu utahama mamia ya mita.