Naombeni ushauri: skolashipu ya ABE au MEXT kwenda Japani, nna mtoto wa miaka 3 na ni mtumishi wa halmashauri

Mama_Mpunga
Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Mi ni afisa kilimo, digrii nilichukulia SUA, nipo halmashauri mojawapo mkoa wa Kilimanjaro, umri miaka 33, nimeolewa na tuna binti wa miaka 3. Siku nyingi natamani kusoma masta Japani upande wa maji ya umwagiliaji. Huku kwetu skimu ya Lower Moshi Wajapani ndo waliisimamisha miaka ya 80, mavuno ya mpunga yakapanda kweli, sasa wakulima wa juu wakaona unalipa na wao wakaanza kulima, maji ya mito ya Rau na Njoro yanaishia hukohuko juu, yule wa mwisho wa mfereji kiangazi anakaa anaangalia jaruba limepasuka. Napita pale karibu kila wiki, wananiuliza afisa tufanyeje na sina jibu la maana la kuwapa. Hilo ndo nataka nikalisomee.

Sasa nipo njia panda, kuna skolashipu ya ABE ya JICA, lile shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, na kuna ya MEXT, wizara ya elimu ya Japani, inayopitia ubalozini. Mume wangu ni fundi umeme, anajitegemea, kanipa baraka zote ila wasiwasi wake ni mtoto. Mama mkwe anasema mtoto abaki kwake. Naomba kujua ipi inanifaa, mtoto niende naye au nimwache, kazini nianzie wapi maana nasikia watu wanakwama kwenye ruhusa dakika za mwisho, na je ukimaliza unaweza kufanya kazi kule kidogo ndo urudi? Waliopita njia hii naombeni uzoefu wenu.

Kaka_wa_Kobe
Hongera dada kwa kuthubutu. Mi nilienda na ABE, nilisoma mambo ya tehama pale Kobe. Kwa maelezo yako ABE inakufaa zaidi na nakupa sababu. Ile programu ilitangazwa na waziri mkuu Abe kwenye TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, pale Yokohama 2013, lengo lao ni vijana wa Afrika wasome masta halafu wafanye intanshipu kwenye kampuni za Kijapani, na watumishi wa serikali wamo kabisa kwenye walengwa. Umri ni 22 mpaka 39 kwaiyo una nafasi. MEXT wanataka uwe chini ya miaka 35, ukizubaa mwaka mmoja miwili mlango huo umefungwa.

Intanshipu ndo ilinijenga mimi kuliko darasa. Unakaa ofisini na watu wanaanza siku kwa kikao kifupi, kila mtu anasema leo anafanya nini na jana kilikwama nini, hata bosi anasema ya kwake. Kwa fani yako omba kampuni za pampu, mageti ya mifereji au vifaa vya kupima maji, ndo watu utakaowahitaji ukirudi Moshi.

Kuhusu kubaki kufanya kazi nikwambie ukweli, ABE imepangwa urudi nyumbani. Kama moyo wako upo kwenye kubaki usiombe ABE, utamnyima mwenzako nafasi.

Theluji_Nyingi
Naunga mkono ila msiidharau MEXT wakuu. Mi nilipita ubalozini Dar, matangazo huwa yanatoka mwezi wa 4 au wa 5 hivi, unajaza fomu, unafanya mtihani wa kuandika, ukipita unaitwa intavyuu, halafu mwenyewe unatafuta vyuo na maprofesa wakupe barua ya kukukubali. Hapo ndo wengi wanachujwa. Ada hulipi, tiketi ya ndege wanakukatia, na posho kipindi changu ilikuwa yeni 143,000 kwa mwezi ukiwa mwanafunzi wa utafiti, ukiingia masta inakuwa 144,000. Kwa mtu mmoja anayekaa hosteli ya chuo inatosha vizuri, kwa familia ni kujibana kwelikweli.

Cha muhimu iwe ABE iwe MEXT ni propozo, yani andiko la utafiti unaotaka kufanya. Dada nimesoma aya yako ya kwanza, hiyo tayari ni propozo! Usije ukaiacha ukaandika "kuboresha kilimo Tanzania", profesa anapokea za hivo kila siku. Andika mfereji gani, nani anakosa maji, mwezi gani, unataka upime nini. Chuo Kikuu cha Tottori wana kituo cha utafiti wa ardhi kame, kiangalie, soma machapisho ya profesa mmoja ndo umwandikie imeli, usitume imeli moja kwa watu thelathini, wanajua.

Na kazi baada ya masomo kwa njia ya MEXT inawezekana, nimeshuhudia. Ila wenzako wanaanza kutafuta kazi mapema wakiwa bado wanasoma, na kampuni nyingi zinataka Kijapani cha kiwango cha N2, yani ngazi ya pili kutoka juu kwenye mtihani wao wa lugha. Ukimaliza hujapata unaomba viza ya kutafutia kazi miezi 6, inaongezwa mara moja. Kijapani anza kujifunza ukiwa hukohuko Moshi, usisubiri eti masomo ni kwa Kiingereza, maana benki, hospitali na barua zote za manispaa ni Kijapani.

Utumishi_Kwanza
Nizungumzie upande wa kazini. Mkuu, usifiche. Kuna watu wanaomba kimyakimya wakishapata ndo wanapeleka barua, hapo ndo unasikia kanyimwa ruhusa. Andika barua mapema kwa mkurugenzi kupitia mkuu wa idara yako, nakala afisa utumishi, ambatanisha tangazo lenyewe, na hakikisha fani yako imo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Utasaini mkataba wa kurudi kutumikia, usome mstari kwa mstari. Baki na nakala zenye muhuri wa kupokelewa, maana viongozi huhamishwa na anayekuja hajui lolote kuhusu wewe.

Mama_Wawili
Mdogo wangu, swali la mtoto naona linapitwa. Mi niliishi kule na wanangu mume wangu akiwa anasoma. Skolashipu zote hizo zinamlipia mwanafunzi tu, familia ni juu yenu. Nenda kwanza peke yako, utulie, ujue chuo, upate nyumba, maana nyumba za kupanga kule wanataka amana, wengine wanataka na shukrani ya mwenye nyumba ambayo hairudi, na mdhamini juu. Baada ya hapo waite baba na mtoto waje kwa viza ya wategemezi.

Tangu Oktoba 2019 chekechea kwa watoto wa miaka 3 mpaka 5 ada ni bure, hata kwa wageni wanaoishi pale, mnalipia chakula na vitu vidogovidogo. Ila ile ya kutwa inayoitwa hoikuen manispaa inataka wazazi wote wawili wawe kazini au masomoni, kwaiyo mumeo atafute kibarua, wategemezi wakiomba kibali wanaruhusiwa saa 28 kwa wiki. Mjiandikishe manispaa ndani ya siku 14 baada ya kuhamia, na bima ya afya mkate hapohapo, inabeba asilimia 70 ya matibabu. Bibi anampenda mjukuu, sawa, amlee hiyo miezi ya mwanzo, lakini miaka miwili na zaidi kwa mtoto wa umri huo ni mingi mno mama.

Mama_Mpunga
Wakuu nashukuru sana, nimesoma kila mstari na mume wangu pembeni. Tumeamua ABE, maana mi kurudi narudi, wale wakulima siwaachi. Mtoto atabaki kwa bibi kipindi cha mwanzo halafu waje wote. Theluji_Nyingi, profesa nimwandikie kabla ya fomu za JICA au nisubiri matokeo ya huku kwanza?

Theluji_Nyingi
Vyuo unachagua kwenye orodha yao, kwaiyo pakua orodha kwanza, ukimwona profesa wako yumo na mwongozo wao haukatazi, mwandikie hata kesho, ukurasa mmoja tu, umuulize kama anapokea wanafunzi wa ABE. Rasimu nitumie PM niipitie kabla hujaituma, na barua ya mkurugenzi iende wiki hiihii.