Mrejesho: mashine ndogo ya kukereza inayounguza fyuzi, tatizo ni mota

Wakuu, ile mashine ya mota ya DC yenye kaboni (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka), iliyokuwa ikiunguza fyuzi kila ikibebeshwa mzigo, imepona. Bodi ya kudhibiti spidi ni nzima. Mbovu ilikuwa mota.

Kilichoamua ni betri ya gari. Chomoa nyaya mbili za mota kwenye bodi, toa mkanda, uipe mota volti 12. Iliyo nzima huzunguka taratibu bila kusita. Hii ilikwama palepale kila mzunguko, na mita kati ya waya na ganda la chuma ikasoma kiloomu 40, mahali ambapo haitakiwi kusoma kitu. Kupuliza vumbi la kaboni hakukubadilisha kitu. Ndani, vipande viwili vya shaba vya amecha (sehemu ya mota inayozunguka) vimeungua vyeusi, na kusuka upya amecha ndogo hivyo hakulipi.

Ukinunua nyingine, linganisha volti na ampea za kwenye kibao, kipenyo cha shafti, umbali wa matundu ya boliti, na kama shafti ina kii (kipande cha chuma kinachozuia puli kuteleza). Wati peke yake inadanganya. Puli itolewe kwa pula (kifaa cha kuivuta itoke), si kwa nyundo. Beringi na sumaku hazipendi kugongwa. Mpya ikizunguka kinyume, badilishana zile nyaya mbili tu. Mkanda ukiubonyeza katikati uzame milimita 5 hivi. Ukikazwa kupita kiasi, beringi zinakufa na ampea zinapanda.

Na kabla ya kugusa bodi, chomoa plagi, kisha pima volti kwenye kapasita: zinabaki na chaji.